Sare ya Harusi na Sare ya Skuli

Neno "sare" hapa kwetu Mombasa lina maana mbili, na zote mbili hubisha hodi mlangoni mwangu katika mwezi mmoja. Iko sare ya skuli, ambayo kila mzazi wa Kenya aijua: sketi, blauzi, soksi, viatu vyeusi, sweta ambalo katika joto la kaskazi halivaliki lakini lazima linunuliwe, na kwa watoto wetu wa kike mtandio mweupe na suruali. Na iko sare ya harusi, ambayo ndugu zetu wa bara huenda wasiijue vyema. Hiyo ni nguo ambayo wanawake wa ukoo mzima, kuanzia nyanya mwenye mkongojo hadi mtoto anyonyaye, huichagua kwa rangi moja na kitambaa kimoja, wakaishona ili siku ya harusi wajulikane kuwa hawa ndio wenyewe. Zamani ilikuwa moja tu. Siku hizi iko ya kesha la hina, iko ya siku ya nikaha, iko ya siku ya kumtoa bibi harusi nje, na nimesikia juzi kuwa iko na ya siku ya kurudisha vyombo.

Mimi nina binti watatu wadogo, nami umri wangu umevuka hamsini. Mkubwa yuaingia Gredi ya saba, wa kati Gredi ya nne, na kitinda mimba ndiyo kwanza aanze Gredi ya kwanza. Kwa hivyo, ndugu msomaji, nayasema haya si kwa kusimuliwa.

Katika nchi za wenzetu, kama huko Uingereza waliko jamaa zetu wengi, watoto hurudi skuli mwezi wa Septemba, joto likiaga na majani yakianza kupukutika. Sisi mambo yetu ni kinyume. Likizo ndefu yaisha na joto ndilo kwanza lapamba. Kaskazi yavuma, Januari yaingia, na kuanzia hapo hadi Machi mtoto hukaa darasani chini ya bati akitokwa na jasho hadi daftari likamlowa mkononi. Miezi hiyo hiyo ya kaskazi ndiyo miezi ambayo harusi hazihesabiki. Ukipita Mji wa Kale usiku, au Majengo, au Kisauni, huvuki mitaa miwili bila ya kukutana na turubai lililozuia njia.

Wanangu likizo hii waliimaliza kwa bibi yao Lamu. Walirudi kwa boti hadi Mokowe, kisha kwa basi kupitia Garsen na Malindi, wameiva kwa jua kama tende, nywele zimesukwa mashungi na bibi mwenyewe, na kila mmoja ana alilojifunza. Mkubwa amejua kusuka ukili. Wa kati amejua majina ya pepo na wakati wa kila moja, na sasa asubuhi hutoka uani akanyosha kidole kilicholowa mate ili anieleze upepo umegeuka au la. Hesabu za kuzidisha amezisahau zote, yarabi toba, lakini pepo azijua. Mimi sikumkemea. Wazee wetu hawakuwa na neno "likizo," na mtoto aliyekaa mwezi mzima na bibi yake walisema yuko chuoni vile vile, ila mwalimu wake hana bakora. Kitinda mimba yeye alirudi na hadithi ya paka wa Lamu, na mpaka leo hajaimaliza.

Basi wiki hiyo ya mwisho wa Disemba ndiyo wiki ya fundi. Fundi wetu wa cherehani ana kibaraza chake katika kichochoro nisichotaka kukitaja, asije akanilaumu. Mbele yake mlikuwa na mirundo miwili ya vitambaa. Mmoja ulikuwa wa buluu na mweupe, umelala kimya kama maiti. Wa pili ulikuwa wa zambarau ya kumetameta, wenye shanga na nyuzi za dhahabu, na juu yake mna karatasi zimebandikwa kwa pini: Fulani binti Fulani, kifua kadha, urefu kadha, Ijumaa lazima. Nikamuuliza, "Fundi, na hizi za skuli lini?" Akanijibu bila ya kuinua uso, "Mzee, hizi za harusi zina tarehe." Kana kwamba skuli haina tarehe!

Nikamtungia ubeti mmoja pale pale nimesimama, nikamghania:

Fundi shona ya skuli, ya harusi ingojee,
Mwanangu aenda mbali, njiani asipotee,
Apate herufi mbili, elimu imuenee,
Shona leo tafadhali, na ujira upokee.

Akacheka hadi miwani ikamteleza. Kisha akaniambia kuwa ubeti ni mzuri, lakini haununui uzi, na kwamba wenye zambarau walilipa nusu mwezi wa Novemba. Hapo ndipo penye neno lenyewe. Fundi hana kosa. Fundi hushona kile kilicholipiwa, na mrundo wake, ukitaka kuutazama vizuri, ni daftari la hesabu za mji mzima. Laonyesha nini kilitangulia katika nyoyo zetu tulipokuwa na fedha mkononi.

Sitaki kufahamiwa vibaya. Harusi ni jambo tukufu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopata habari kwamba Abdulrahman bin Auf ameoa alimwambia afanye karamu, ijapokuwa kwa mbuzi mmoja. Hayo twayajua tangu chuoni. Lakini tazama, ndugu yangu, ni mbuzi aliyetajwa. Hapana shanga hapo, wala zambarau, wala mpiga picha wa video mwenye ndege ya kuruka juu ya turubai.

Nilimwambia mama watoto maneno haya, tukiwa twanywa chai ya magharibi, nami nikidhani nimesema jambo lisilo na jawabu. Akanijibu papo hapo. "Baba watoto, wewe ukienda harusini, ukienda mazikoni, ukienda Idi, huvaa kanzu ile ile nyeupe na kofia ile ile, na hapana akuulizaye. Kanzu ni sare. Wanaume mlishonewa mara moja, mkamaliza. Sisi je? Nikikaa bila ya sare kwenye harusi ya mtoto wa dada yako, kesho yake wewe ndiwe utakayeletewa maneno kwamba mkeo amejitenga na ukoo." Na yuasema kweli. Sare kwa mwanamke si pambo tu. Ndiyo cheti chake cha kuzaliwa mbele ya watu. Asiyeshona huonekana kama aliyekataa udugu, na udugu kwetu ndio akiba yenyewe, maana siku ya ugonjwa au ya msiba ni hao hao wa zambarau watakaokuja kukukalia kitako na sufuria zao.

Wala jambo hili si geni. Mama zetu na nyanya zetu hapa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, na vyama vile vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa maneno ya nyimbo, hata baadhi ya watu wakaingia madeni kwa ajili ya kutopitwa. Kwa hivyo yule asemaye kuwa ubadhirifu umeletwa na simu na televisheni hajakaa na wazee. Tofauti ni kwamba siku zile binti wengi hawakuwa na ada ya skuli iliyokuwa ikingoja. Shindano lilimla mama mwenyewe. Leo humla mwanawe.

Hapo ndipo nisipoweza kunyamaza. Katika mtaa ninaoishi nimemwona mtoto wa kike, sitasema wa nani, aliyekuwa kesha la hina mwezi wa Disemba amevaa nguo ya dhahabu hadi miguuni, na ilipofika wiki ya kwanza ya Januari alikuwa amekaa barazani akibembeleza mtoto wa shangazi yake, na wenzake wapita na mikoba. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hukwenda?" Akasema sare bado. Kaka yake alikwenda tangu siku ya kwanza. Nyumba hiyo si ya mafukara. Ni nyumba ambayo fedha zilipopungua ziligawanywa, na katika mgao ule mwanamume alitangulizwa, msichana akaambiwa asubiri. Kusubiri kwa wiki moja si jambo kubwa, utasema. Lakini mtoto asomaye hesabu ya nani hungojwa na nani hangojwi, hilo ndilo somo lake la kwanza la mwaka, na halifutiki kwa ubao.

Serikali ilifuta karo za skuli za msingi mwaka 2003. Katiba ya 2010 ikampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikatia nguvu. Yote hayo ni ya kushukuriwa. Lakini mzazi aijua "bure" hiyo inavyokula. Mtaala huu mpya ulioanza madarasani mwaka 2019 wataka manila, rangi, gundi, picha za kuchapishwa, na vitu ambavyo mtoto huvikumbuka saa tatu ya usiku maduka yakiwa yamefungwa. Mkubwa wangu akiingia Gredi ya saba yuko katika ile iitwayo sekondari msingi, iliyoanza Januari 2023. Ua ni ule ule, mlango ni ule ule, na mwembe ni ule ule aliouchezea chini yake tangu utoto, lakini sketi imebadilika rangi. Na juu ya hayo mtandio, ambao kwa watu wetu si jambo la hiari na kwa baadhi ya skuli si jambo la kukubalika. Kesi iliyotoka Isiolo ilipita Mahakama ya Rufani mwaka 2016 wasichana wakaruhusiwa, kisha Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019. Kitambaa kisichozidi mita moja kimepanda mahakama zote za nchi! Watu walioshika bendera kwa ajili ya mtandio ule, nami nilikuwa pamoja nao, wangefaa pia kuuliza kama kichwa chini yake kimefika darasani.

Nijuavyo, wako kati yetu wasemao kwamba bidii hii ya kusomesha binti ni mambo ya kizungu. Hao huwapeleka Siu. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka, aliandika utendi wake kwenye mwaka 1858, akiwa mgonjwa kitandani, kumuusia binti yake Mwana Hashima, na hakuishi sana baada ya hapo. Watu wengi huutaja utendi ule kwa ajili ya yale aliyomwambia binti yake kuhusu mume. Mimi hutazama jambo jengine. Hutazama kwamba mgonjwa yule alitungia mwanawe maneno ya kuandikwa na kusomwa, wala hakumwachia ya kusikia tu, katika mji wa mwambao ambao haukuwa na skuli ya serikali hata moja. Kalamu mkononi mwa mwanamke wetu ina umri kuliko hiyo reli ya Mombasa. Baadaye, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, vita vyake vilikuwa ni kuwaamsha Waislamu wa pwani katika elimu, na mtu yule alikuwa Kadhi wetu, wala si mmishionari.

Na Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, ametupokelea habari ya maskini aliyemjia na binti zake wawili. Akampa tende tatu. Yule mama akampa kila mtoto moja, ya tatu akaipeleka kinywani mwake, watoto wakaiomba, naye akaipasua vipande viwili akawapa. Habari ikamfikia Mtume, naye akabashiri pepo kwa mama yule. Nimeisikia hadithi hii katika hotuba nyingi za Ijumaa. Katika harusi nyingi nimeona ile tende ya tatu ikiliwa na wageni.

Sasa niseme jambo la hesabu, maana huku pwani harusi hazifuati kalenda ya ukutani. Zafuata mwezi. Watu hukimbilia kuoza kabla ya Ramadhani, kwa hivyo Shaabani hujaa ngoma. Mwaka wa hijria ni mfupi kwa siku kama 11, na kila mwaka Shaabani yasogea nyuma. Mwaka 2026 Ramadhani imeangukia kati ya Februari. Mwaka 2028 itaangukia mwisho wa Januari, na mwaka 2030 twatarajia Ramadhani mbili, moja mwanzo wa Januari na nyengine mwisho wa Disemba. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kwa miaka kadha ijayo Shaabani, mwezi wa harusi, itakaa juu ya kichwa cha kufunguliwa kwa skuli kama mtungi juu ya kata. Ikiwa leo twalalamika, basi kesho twaelekea pabaya zaidi, na afadhali tulizungumze mapema kabla mirundo ya fundi haijaanza kupanda.

Kuna na hili la piko, nalo nitalipitia mbio mbio. Hina ni sunna na ni dawa. Piko ni rangi ya nywele, na ile nyeusi ina kemikali ambayo huweza kubabua ngozi ya mtoto hadi ikafanya malengelenge. Mtoto wa kati alipigwa maua ya piko mikono miwili usiku wa kesha, na siku ya kwanza ya skuli akarudishwa nyumbani na mwalimu hadi yatoke. Yalichukua siku tisa. Mimi na mwalimu huyo tuliagana vibaya, maana sioni kwa nini ua la mkononi lizuie kusoma. Lakini shangazi yake aliyempaka naye nilimwambia langu.

Nadhani la kufanya lipo, na halihitaji fatwa. Harusi moja, sare moja. Na sare hiyo iwe leso. Doti moja ya leso kutoka Biashara Street mwanamke huivaa siku ya ngoma akapendeza, na kesho yake akaifunga jikoni, akambebea mtoto, akaswalia, hata ikachakaa ikawa ya kupangusia. Zambarau ile ya shanga huingia kabatini isitoke tena, maana harusi ya pili ina rangi yake. Watoto wadogo wavae nguo zao za Idi. Mtoto wa miaka sita hahitaji kujulikana ni wa ukoo gani, uso wake watosha. Na kina mama, ambao katika michezo yao ya kuchangiana fedha wana nidhamu kuliko benki nyingi nizijuazo, waweke mchezo mmoja wa mwaka unaofunguliwa Disemba tu, jina lake skuli. Wanaume tusijifiche nyuma ya kanzu zetu. Ukumbi twaukodi sisi, ng'ombe twamchinja sisi, na baba wengi nawajua waliokwenda fundi kwa ajili ya harusi lakini hawajui mtoto wao avaa kiatu nambari ngapi.

Na mvulana akamate sufuria. Hili nalisema kwa kuwa sare ni mwanzo tu. Binti huamka kabla ya alfajiri, huenda skuli, hurudi alasiri, huvua sketi akavaa buibui lake dogo kwenda chuoni, hurudi magharibi, kisha huambiwa vyombo vyamngoja. Binamu zake wa kiume wakati huo wako uwanjani na mpira. Nyumbani kwangu wapwa zangu wawili huosha vyombo Jumatatu hadi Alhamisi. Walinuna mwezi mmoja. Sasa huimba.

Usiku wa kuamkia kufunguliwa skuli, sare zilifika, saa nne ya usiku, zingali na moto wa pasi ya fundi. Watoto wakaamshwa wazijaribu. Mkubwa akasimama mbele ya kioo kimya, akiivuta sketi mpya ishuke goti. Mama yao alimwagiza fundi aache pindo la nchi tatu ili mwakani literemshwe, ndio hesabu za kina mama hizo. Kitinda mimba akajitazama mbele na nyuma, akaniuliza, "Baba, kwani ya skuli mbona haimetimeti?" Dada yake wa kati akamjibu kabla yangu, "Ya skuli huvaliwa na jua. Jua likiwepo kumetameta kwa nini?"

Mtoto wa dada yangu aolewa Shaabani ijayo. Juzi imeletwa picha ya kitambaa katika kikundi cha ukoo cha WhatsApp, kijani cha bahari, mita moja bei ya mfuko wa mchele. Mama watoto akanitazama, nami nikamtazama. Akaandika yeye, kwa mkono wake, kwamba sisi wa nyumba hii twaomba iwe leso. Mpaka naandika haya wamelisoma watu 43, na aliyejibu ni mmoja tu, shangazi mzee wa Lamu, aliyeuliza leso ya jina gani.